Siku sita za bahari tupu, Kanari hadi Barbados: mtu anatazama nini?

BiSafari ameuliza:

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba msaada kwa waliowahi kusafiri na meli za kitalii, hasa zile safari ndefu.

Mume wangu amestaafu mwaka huu. Maisha yake yote ameendesha malori ya masafa marefu, na watoto wamechanga wakatukatia tiketi ya meli. Tunapanda Ulaya mwishoni mwa Novemba, tunapita Visiwa vya Kanari, halafu kutoka Las Palmas meli inakata Atlantiki moja kwa moja mpaka Barbados. Ratiba nimeisoma mpaka nimeikariri. Bandari hazinipi shida, kila moja nimeshajua tutashuka tuone nini. Kinachonisumbua ni pale katikati. Baada ya Las Palmas, kila siku imeandikwa neno moja tu, "baharini". Siku sita mfululizo hakuna jina la mahali, hakuna saa ya kufika, hakuna saa ya kuondoka.

Mzee wangu si mtu wa dansi, si mtu wa kamari, na bwawa la kuogelea halimhusu. Yeye ni mtu wa njia. Ukimpakia kwenye gari linaloendeshwa na mwingine, atakaa dirishani anakutajia kila kitu: daraja lile lilijengwa upya, mteremko huu ndio unaoua breki, pale zamani palikuwa na mzani. Ana madaftari kabatini ya safari zake zote, kilomita alizoanza nazo na alizomaliza nazo. Juzi usiku, taa tumeshazima, akaniuliza: "Huko katikati nitajuaje kama tunasonga?" Nikakosa la kumjibu.

Sasa nauliza. Siku tulivu ya bahari inakuwaje hasa, tangu asubuhi mpaka usiku? Kuna kitu cha kuona, au ni maji tu? Na kwa umri wake (miaka 66, ana tatizo la tezi dume lakini yuko vizuri), bahari itamlevya? Nataka afurahi. Amefanya kazi sana huyu mtu.

---

Kiti cha Dirishani amejibu:

Hongereni sana, na Mungu awape safari njema.

Dada, usiogope siku za baharini. Mimi nikichagua safari naangalia kwanza siku hizo ni ngapi, maana ndizo siku pekee ambazo meli ni yako kweli. Siku ya bandari watu wanakurupuka, foleni ya kushuka, foleni ya kurudi, jioni kila mtu hoi. Siku ya baharini hakuna anayekukimbiza.

Kila jioni mtaletewa chumbani karatasi ya ratiba ya kesho, au mtaiona kwenye programu ya simu. Imejaa kuanzia asubuhi mpaka usiku wa manane: mihadhara, muziki, karata, masomo ya kuchora, sinema. Maduka na kasino navyo hufunguliwa siku hizo, kwa sababu meli ikiwa bandarini sheria za forodha na za kamari za nchi ile huwabana. Ushauri wangu ni mmoja: chagueni vitu viwili kwa siku, basi. Kimoja cha asubuhi, kimoja cha jioni. Mkitaka kuvimaliza vyote mtarudi nyumbani mmechoka kuliko mlivyoondoka.

Mihadhara mpelekeni mzee. Kwenye safari za kuvuka bahari huwa wanaleta watu wanaojua nyota, ndege, historia ya usafiri wa majini. Akipata mmoja mzuri, atakuwa anamsubiri mlangoni kila siku na maswali.

Na intaneti: ipo, ni ya satelaiti, lakini nunueni kifurushi kidogo tu. Waambieni watoto mapema kwamba mkikaa kimya wasihangaike.

---

Zamu ya Saa Sita amejibu:

Dada, nisalimie mzee kwa heshima zote. Swali lake ni swali la baharia. Kabla ya kuwepo mitambo, hilo ndilo swali ambalo kila nahodha alijiuliza akishaacha nchi kavu nyuma: tunasonga, na kama tunasonga, tumefika wapi? Nitakujibu kwa kirefu, naomba univumilie.

Nilikuwa baharia wa sitaha kwenye meli za abiria. Kwa miaka mingi zamu yangu ilikuwa hii ya saa sita: saa sita mchana mpaka saa kumi, kisha saa sita usiku mpaka saa kumi alfajiri. Nikiwa chumba cha usukani, kazi yangu ilikuwa kutazama. Sheria za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za mwaka 1972, zinadai kila chombo kiwe na mtu anayetazama na kusikiliza muda wote, rada iwepo isiwepo. Kwa hiyo mshahara wangu ulikuwa wa kuitazama bahari tupu, na njia hiyo mnayokwenda nyinyi naijua. Naipenda kuliko bandari zake zote mbili.

Nianze na hilo la kusonga, maana ana jibu lake na atalipata kwa mikono yake mwenyewe. Siku ya kwanza baada ya Las Palmas, bahari ikiwa shwari, nendeni kwenye sitaha ya matembezi, ile ya chini inayozunguka meli. Yeye asimame mbele kadiri atakavyoruhusiwa, wewe simama nyuma kabisa, upande uleule. Atazame maji yanayochanwa na omo, yaani pua ya meli, achague donge moja la povu ambalo halifanani na mengine. Likipita usawa wake ainue mkono, wewe uanze kuhesabu sekunde. Likifika usawa wako, acha. Urefu wa sitaha ile mtaupata kwa kuuliza au kwa kupima kwa hatua. Tuseme kati yenu kuna mita 200 na povu limetumia sekunde 22: hapo meli inakwenda mita tisa na kitu kwa sekunde, na hiyo ni karibu maili 18 za baharini kwa saa. Mabaharia wa kale walifanya hivihivi, ila wao walitupa kipande cha ubao mbele kisha wakahesabu mpaka kifike tezi, yaani nyuma ya meli. (Nyinyi msitupe kitu chochote, ni marufuku, povu linatosha.) Halafu nendeni mkasome mwendo kwenye televisheni ya chumbani, ile chaneli ya ramani. Nakuambia atarudia zoezi hilo kila siku, na mwendo ukipungua kwa maili mbili atajua kabla ya mtu yeyote mezani kwenu.

La pili ni saa sita mchana. Meli nyingi nahodha au afisa wa zamu hutangaza muda huo kwenye vipaza sauti: mahali tulipo kwa latitudo na longitudo, mwendo, upepo, joto la maji, kina cha bahari chini yetu. Abiria wengi huendelea na maongezi yao. Mzee aje na daftari. Wewe mwenyewe umesema ana madaftari ya safari zote kabatini. Hili liwe linalofuata. Aandike, kwa mfano, nyuzi 20 dakika 10 kaskazini, nyuzi 38 magharibi. Maili moja ya baharini ni mita 1,852, na ilitokana na dunia yenyewe: ni dakika moja ya latitudo (hii si dakika ya saa, ni sehemu moja kati ya 60 za nyuzi moja). Kwa hiyo akiona latitudo imepungua kutoka jana kwa dakika 150, basi meli imeshuka kusini maili 150, hahitaji kikokotoo. Kwa mwendo wa maili 18 mtakuwa mnakata kama maili 430 kwa siku, na njia nzima ni zaidi ya maili 2,600. Tafuteni ramani ya karatasi ya Atlantiki kabla hamjaondoka, aweke nukta kila mchana. Meli nyingine hutundika ramani karibu na mapokezi, lakini ya kwake ni ya kwake.

Sasa macho. Umeuliza kama ni maji tu.

Anzeni na upepo. Pepo za njia ile ni za kudumu, zinavuma kutoka kaskazini-mashariki karibu mwaka mzima. Ndizo zilizompeleka Columbus mwaka 1492: aliondoka Kanari tarehe 6 Septemba, akaona nchi tarehe 12 Oktoba. Meli yenu inakwenda upande uleule zinakokwenda, hivyo upepo mnao mgongoni. Na hapo kuna jambo ambalo lilikuwa linanishangaza kila nikivuka. Upepo ukiwa wa mwendo uleule wa meli, mnasimama kwenye sitaha ya wazi, mnaona kabisa bahari ina mawimbi yenye vichwa vyeupe, lakini hewa imesimama. Ukurasa wa kitabu haugeuki. Moshi wa meli unapanda juu wima. Mawimbi yanakimbia pamoja nanyi, yanawapita polepole au mnayapita, na unaweza kulifuata wimbi moja kwa macho kwa muda mrefu mpaka ulijue umbo lake. Chini ya hayo tazameni mawimbi mengine, marefu, yasiyo na povu, yanayotoka upande wa kulia. Hayo yamezaliwa na dhoruba za kaskazini ya mbali, pengine siku kadhaa nyuma. Kwenu hali ya hewa ni nzuri, lakini habari za huko zinawafikia.

Siku mbili za mwanzo, pitisheni kidole kwenye chuma cha reli asubuhi. Mara nyingine kinatoka na unga mwembamba wa rangi ya udongo. Ni vumbi la Sahara, linavuka bahari yote hiyo mpaka Karibi. Tulikuwa tunaosha sitaha alfajiri na kesho yake limerudi.

Halafu panzi, samaki wa mabawa. Hao msiwatafute mbali, watazameni karibu na ubavu wa meli, mbele, pale maji yanapopasuliwa. Wanaruka kundi zima kwa mara moja, wanakimbia meli. Mgeni hudhani ni ndege wadogo. Tazama mkia: kipande cha chini ni kirefu kuliko cha juu, na samaki akianza kuishiwa mwendo anakishusha ndani ya maji, anakitikisa haraka haraka, anapata nguvu, anaendelea bila kuingia majini. Unabaki mstari wa vitone juu ya maji. Asubuhi tulikuwa tunaokota wachache kwenye sitaha ya chini ya kufungia kamba, wamefuata taa usiku. Mkikaribia Karibi, ndege wakubwa wa bahari wataanza kuandamana na omo, wanasubiri meli iwafukuzie panzi, kisha wanajitupa. Hapo hata asiyependa bahari habanduki relini.

Kuanzia kama nusu ya njia mtaona mwani unaelea, rangi ya dhahabu iliyokolea, umejipanga mistari mirefu kufuata upepo. Una vipovu vidogo vigumu vya hewa vinavyoubeba. Haujawahi kushika mwamba, unaishi na kuzaana juujuu ya maji.

Na nikueleze kuhusu yangeyange, maana siwezi kuandika juu ya njia ile bila yeye. Asubuhi moja, tukiwa mbali na nchi kila upande, nilimkuta mmoja amesimama nyuma ya winchi. Yangeyange huyuhuyu wa malishoni, mweupe, shingo ameikunja, mguu mmoja juu. Alikuwa amechoka mpaka tukipita na ndoo hakusogea. Bosun, mkuu wetu mabaharia wa sitaha, akakataza maji yasimwagwe upande ule, tukamwekea sahani ya maji baridi. Alikaa nasi mpaka alipotaka. Baadaye nilisoma kwamba ndege hawa walivuka kutoka Afrika mpaka Amerika ya Kusini mwishoni mwa karne ya 19, na leo wamejaa kule kote. Nikamkumbuka yule. Kwa hiyo mzee akiona kitu cheupe kwenye kona ya sitaha, asipite haraka.

Nyangumi na pomboo? Wanaonekana, lakini siwezi kukuahidi. Kuna zamu nzima nilisimama na sikuona kiumbe hai. Meli nyingine pia ni chache sana kule katikati. Unaweza kumaliza siku nzima bila kuona hata moja. Anachohitaji ni namna ya kutazama. Asirushe macho huku na huku. Agawe upeo wa macho vipande, atulie kwenye kila kipande kidogo, kisha ahamie cha pili. Dereva wa usiku anajua ninachosema. Akiona kitu kidogo kimesimama juu ya mstari wa maji ambacho hakipotei kama povu, hiyo ni meli: kwanza hutokea sehemu yake ya juu tu, mwili uko bado nyuma ya mviringo wa dunia. Kutoka sitaha ya juu, kama mita 25 toka majini, upeo wenyewe uko kilomita kama 18 tu.

Ndiyo maana nasema siku hiyo msiijaze. Kiti cha Dirishani kasema vitu viwili kwa siku, mimi ningepunguza kimoja. Mzee apate saa moja ileile kila siku, mahali palepale relini, bila mtu kumpangia chochote. Siku ya kwanza ataona maji. Siku ya tatu ataanza kukutajia, kama anavyokutajia madaraja.

---

Nesi wa Meli amejibu:

Nimefanya kazi kwenye zahanati ya meli, nijibu hilo la kulewa bahari.

BiSafari, njia hiyo ni mojawapo ya njia za upole, lakini Atlantiki ni Atlantiki. Mawimbi yakitoka nyuma na pembeni, meli huyumba polepole kulia na kushoto. Meli kubwa zina mapezi ya chuma chini ya maji, kila ubavu, yanayotolewa nje kupunguza kuyumba huko. Yanasaidia sana lakini hayaondoi kila kitu.

Kama chumba hakijapangwa bado, ombeni cha katikati ya urefu wa meli na sitaha za chini. Huko ndiko kunakotikisika kidogo. Juu kabisa mbele ni pazuri kwa macho, ila wimbi dogo utalisikia lote.

Kulewa kunatokea kwa sababu sikio la ndani linasema tunatikisika, na macho yanasema chumba kimetulia. Akianza kupiga miayo, jasho jembamba, uso unapauka, asijifungie chumbani. Atoke nje, atazame mstari wa mwisho wa maji, avute hewa. Asisome, asitazame simu. Ale kidogo kidogo, asikae na njaa kabisa. Na madereva mara nyingi hupata shida wanapokuwa abiria kuliko wanapokuwa kwenye usukani, kwa hiyo msimcheke. Kwa watu wengi mwili huzoea baada ya siku mbili tatu.

Sasa jambo la muhimu, na hili naomba ulisome mara mbili. Umetaja tezi dume. Dawa nyingi za kulewa bahari, vidonge na hata vile vibandiko vya nyuma ya sikio, zinaweza kumfanya mwanaume mwenye tezi dume iliyovimba ashindwe kukojoa. Zinaleta pia usingizi na mdomo mkavu, na si salama kwa aina fulani ya presha ya macho. Asinunue mwenyewe, wala asikubali kidonge cha jirani wa mezani. Aende kwa daktari wake kabla ya safari, na orodha ya dawa zote anazotumia, aulize kuhusu hili hasa. Nimeshuhudia mtu akiteseka usiku mzima kwa kidonge alichopewa kwa nia njema, na hospitali ya karibu ilikuwa siku tatu mbele.

Mbebe dawa zake za kawaida kwenye mkoba wa mkononi, zizidi siku za safari. Duka la dawa baharini hakuna.

---

BiSafari ameandika:

Jamani, sina la kusema zaidi ya asante. Nimeprinti majibu yenu yote nikampa asome. Pale kwenye povu aliinuka akaenda varandani akaanza kupima hatua zake kwa futi kamba, eti ajue hatua moja ni sentimita ngapi. Daftari jipya keshanunua. Nesi, kliniki tumeshachukua nafasi ya wiki ijayo, Mungu akubariki kwa kusema waziwazi.

Kaka Zamu ya Saa Sita, ana maswali matatu na amenituma niyaulize kama yalivyo. Moja, ratiba inasema saa itarudishwa nyuma mara nne, sasa akipiga hesabu ya maili kwa siku atatumia saa ngapi? Mbili, usiku anaruhusiwa kutoka nje kutazama, au abiria wanafungiwa? Tatu, kiti chake cha ile saa moja akiweke ubavu gani, kulia au kushoto? Amesema umjibu kama unamjibu dereva.

---

Zamu ya Saa Sita amejibu:

Mwambie mzee nimefurahi mpaka nimemsomea mke wangu hiyo ya futi kamba.

Swali la kwanza ni zuri kuliko anavyodhani. Kanari wakati huo wa mwaka wanatumia saa ya dunia ya kawaida (GMT), Barbados wako nyuma kwa saa nne. Kwa hiyo njiani kuna usiku minne ambao ikifika saa nane mnarudi saa saba. Mtalala saa moja ya ziada na abiria wote watafurahi. (Sisi wa zamu ya usiku ndio tuliokuwa tunaibeba saa hiyo, meli nyingine huigawa kati ya zamu.) Toka mchana hadi mchana, siku hizo zina saa 25. Akisahau, ataona meli imekwenda maili 450 adhani nahodha kaongeza moto, kumbe mwendo ni uleule 18. Aandike kwenye daftari, pembeni ya maili, kama siku ilikuwa ya 24 au ya 25, kisha agawe.

Na aangalie jua la jioni. Kwa mwendo huo mnakwenda magharibi kiasi cha nyuzi saba na kitu kwa siku, na kila nyuzi 15 ni saa moja. Siku ambayo saa haikurudishwa, jua litazama karibu nusu saa baadaye kuliko jana yake. Asiangalie tangazo la mtu. Avae saa, aandike dakika lilipogusa maji, na hiyo itamwambia meli imekwenda magharibi kiasi gani, bila kuuliza chumba cha usukani.

La pili. Usiku sitaha za nje huwa wazi, isipokuwa upepo ukiwa mkali au bahari ikichafuka. Hapo mlango utafungwa na tangazo litawekwa, na liheshimiwe. Sehemu za mbele chini ya chumba cha usukani huwa gizani kwa makusudi, na mapazia ya vyumba vya mbele huombwa yafungwe, kwa sababu mwanga mdogo tu hapo unaharibu macho ya baharia wa zamu anayetazama mbele. Mzee atafute pembe ambayo taa haimpigi usoni. Macho yanahitaji kama nusu saa kuzoea giza sawasawa, na akiwasha simu mara moja anaanza upya. Kitu hafifu asikitazame katikati, akitazame kidogo pembeni yake, kitatokea. Akiona taa ya meli nyingine: nyekundu ni ubavu wake wa kushoto, kijani ni wa kulia. Akiona nyekundu na kijani kwa pamoja, na juu yake nyeupe mbili moja juu ya nyingine, meli ile inamwelekea usoni. Dereva hapo hahitaji maelezo zaidi.

Atazame pia maji yanayochuruzika ubavuni. Usiku usio na mwezi mara nyingi yana cheche za bluu na kijani, ni vijidudu vidogo vinavyowaka vikisumbuliwa. Avae viatu visivyoteleza, sitaha hulowa umande wa chumvi, na asiegemee reli kwa tumbo. Wewe ujue aliko kila anapotoka peke yake usiku.

La tatu, ubavu. Mtakuwa mnaelekea magharibi, mmeinamia kusini kidogo, na msimu huo jua liko kusini. Litachomoza nyuma upande wa kushoto, mchana wote litaupiga ubavu wa kushoto, jioni litazama karibu mbele kabisa. Kwa hiyo kiti cha mchana ni ubavu wa kulia: kivuli, maji hayamchomi macho, na panzi anawaona vizuri kwa sababu jua liko nyuma yake. Jua la kuzama alifuate sitaha ya juu mbele.

Na kiti hichohicho cha kulia akirudie usiku. Nyota ya Kaskazini itakuwa upande huo, nyuma kidogo ya usawa wa bega lake la kulia akitazama mbele. Urefu wake juu ya maji ni karibu sawa na latitudo mliyopo. Anyooshe mkono, akunje ngumi. Ngumi moja ni kama nyuzi kumi. Usiku wa kutoka Las Palmas ataipata karibu ngumi tatu juu ya maji. Mkikaribia Barbados itakuwa imeshuka mpaka ngumi moja na vidole viwili. Aandike ngumi za kila usiku kwenye ukurasa uleule wa latitudo ya mchana, alinganishe. Kama kuna wingu asiandike kitu, aruke mstari.